Siku Kumi na Nne za Kumpumzisha Kitsa

Ukisikia kwamba mjini Butembo kuna mwanamke anayelala masaa manane kila usiku, uliza kwanza anauza nini, maana bila shaka hauzi kitu. Kavira Rébecca alikuwa anauza viazi na poireaux, vitunguu vya majani marefu, za Masereka sokoni, na usingizi wake aliupata kwa vipande. Kipande kimoja kiliisha saa kumi alfajiri. Kingine alikichukua Jumapili kanisani, wakati wa mahubiri, akiwa ameinamisha kichwa kwa heshima kubwa. Kilichobaki alikimalizia kwenye foleni ya maji, amesimama, mkono mmoja juu ya bidoni ili mtu asimpite.

Saa ya mkononi hakuwa nayo, na hakuihitaji. Moto ukishika, ni wakati wa kuamsha Ésaïe na Victoire waende shule. Malori ya Masereka yakipiga honi kwenye mteremko, ni wakati wa kukimbilia viazi kabla wenzake hawajachagua vikubwa. Jumatano ni sala ya shirika, jumuiya ya kanisa mtaani, Alhamisi mutualité ya wauzaji, kuchanga na kukopeshana, Ijumaa kwaya, Jumamosi salongo, kila mtu na jembe lake barabarani. Kazi zake zilijipanga zenyewe, ya nyuma ikiisukuma ya mbele, na kwa miaka ishirini na miwili ya ndoa hakuna hata moja iliyowahi kuanguka.

Aliyeanguka ni mumewe. Kitsa Lusenge alikuwa dereva wa Fuso ya Hadji Bilali, msafirishaji wa Beni. Jumatatu moja alitoka Oicha na kakao, barrière baada ya barrière, yaani vizuizi vya barabarani, kila askari akimpandia mlangoni na kumwambia, "Mokonzi, lakisa mikanda!" yaani mkubwa, onyesha karatasi, kana kwamba zimebadilika tangu barrière ya nyuma. Alipofika Butembo alishuka, akaushika mlango wa gari, akakaa chini kwenye vumbi mbele ya watu. Walimpeleka kituo cha afya cha mtaa. Muuguzi Mariette akampima tension, yaani shinikizo la damu: kumi na nane kwa kumi na moja.

"Papa Kitsa, hii si tension, hii ni namba ya nyumba," alisema Mariette. Akamwandikia siku kumi na nne za kupumzika.

Hadji Bilali alipiga simu kutoka Beni siku ileile. Hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa na Fuso tatu tu, na moja ilikuwa imeshawahi kulala kwenye korongo.

"Kitsa, ndugu yangu, ufunguo nitakamata mimi. Pumzika siku kumi na ine. Kisha uniletee karatasi ya Mariette, tension ikuwe chini ya kumi na ine. Kama hapana, Fuso nitapatia mwingine. Utanisamehe, mais sitaki kukufatilia mu korongo."

Rébecca alisikia kila neno, maana simu ilikuwa kwenye sauti kubwa. Alielewa vizuri kuliko mumewe. Viazi vilikuwa vinalisha nyumba. Fuso ndiyo iliyokuwa inasomesha watoto na kuezeka bati. Namba isiposhuka, Victoire anarudi nyumbani katikati ya mwaka. Na nyuma ya hofu hiyo kulikuwa na nyingine ambayo hakuitamka: alimpenda mtu huyu mwenye kelele, na kila alfajiri alisimama kidogo mlangoni kusikiliza kama anapumua.

Mariette alikuwa amempa pia karatasi ya mashauri, imechapishwa vizuri, juu imeandikwa *Gestion du temps et du stress*, yaani kupanga muda na kupunguza msongo. Rébecca alimsomea mumewe jioni hiyo jikoni. "Fanya kazi moja kwa wakati mmoja," alisoma, huku mkono wa kulia unasonga fufu, mguu wa kushoto unazuia kuku asiingie kwenye unga, na simu imebanwa begani, binti yao Abigaïl aliyeolewa Oicha akiuliza kwa nini mtoto wake anatapika. "Jifunze kukataa," aliendelea. Kisha akamwambia Abigaïl angoje, akamfungulia jirani aliyekuja kuomba chumvi.

Sasa, mtu wa Butembo hajui kukaa bure. Ukimwona amekaa mchana, ama ni mgonjwa, ama anaipima nyumba yako aje kuiba. Kitsa hakutaka kuonekana mvivu, hivyo akaamua kupumzika kwa bidii. Saa kumi na moja alfajiri alikuwa ameshaamka, amenyoa ndevu, amevaa training yake ya buluu ya michezo, ameketi kwenye kiti kikubwa cha sebuleni, miguu juu ya kigoda. Alijiandikia programu kwenye daftari la Ésaïe. Saa mbili: kupumzika. Saa nne: jus ya maracuja, yale matunda ya pasheni. Saa nne na nusu: kupumzika tena. Saa sita: kula bila chumvi. Kila mstari aliupigia alama ya vema ukiisha, kwa kalamu nyekundu, na mtekelezaji wa programu yote hiyo unamjua.

"Mama Abigaïl! Saa ine imeshapita na jus haiyakuya! Unanipandisha tension!"

Neno hilo alilipenda sana. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa anabishana na mkewe na kushindwa, leo amepata neno moja la kufunga kila shauri. Sufuria ikigonga sufuria, tension. Watoto wakicheka, tension. Rébecca akisema anakwenda sokoni, mkono wa Kitsa unapanda kifuani, macho yanatazama dari. Alikuwa anakwenda hata hivyo, lakini mbiombio, na anarudi mara mbili kwa siku kukamua maracuja.

Hata hivyo, siku tano za kwanza zilikwenda. Aliyeharibu ni Rébecca mwenyewe, na aliharibu kwa nia njema kabisa. Jumamosi jioni alipita parokiani, akaliandikisha jina la mumewe kwenye orodha ya wagonjwa wa kuombewa. Ni jambo la kawaida, kila mtu hufanya hivyo. Lakini mgonjwa mwingine huwa hospitalini, mlangoni kuna muuguzi mkali na saa za kuingia. Wa kwake alikuwa sebuleni, amenyoa, mlango wazi, karibu na barabara.

Jumapili misa ya kwanza ilitangaza: "Tumuombee ndugu yetu Kitsa Lusenge, shofere, mwenye kulala ku nyumba juu ya tension." Misa ya pili ikarudia, na kufikia ya tatu habari ilikuwa kwenye groupe WhatsApp ya madereva, pamoja na picha ya Kitsa ya zamani, akiwa mwembamba, na mikono miwili ya kusali chini yake. Mjini kwetu habari hiyo ni wito. Mgonjwa haachwi peke yake, na asiyefika kumwona atatajwa. Saa saba mchana viti vilikuwa vimekwisha.

Shirika lilikuja la kwanza, Nzanzu mwenyekiti akiwa mbele, na rozari yote, kisha neno la kumtia moyo mgonjwa lililochukua muda kuliko rozari. Kwaya ilikuja na ngoma. Waliambiwa mgonjwa anatakiwa ukimya, wakaimba nyimbo sita polepole. Madereva wenzake walikuja kumi na moja, wakasimulia barrière zote alizozikosa. Na kila mmoja, awe wa shirika au wa kwaya, alikuwa na mtu wake aliyekufa kwa tension, naye alimleta.

"Muntu alikuwa muzima," alisema Nzanzu, akipuliza chai. "Aliamuka muzuri, akakula fufu yake yote, akasema, sasa minapumzika kiloko. Paf! Ni ile tu."

Kitsa alitazama kigoda chake kana kwamba kimemsaliti.

Mgeni haondoki na mdomo mkavu. Hilo halijaandikwa popote na hakuna anayelisahau. Aliyekaa nusu saa anapewa chai na mikate, aliyekaa saa mbili anapewa chakula, na hakuna aliyekuja kukaa nusu saa. Rébecca alipika sombe, yale majani ya muhogo, akapika maharagwe, akasonga fufu ya watu ishirini, akaosha sahani, akaanza upya. Jumatatu akafika Kahongya, dada mkubwa wa Kitsa, kutoka Masereka, na gunia la viazi na sanduku la nguo.

"Nimekuya kukusaidia, muke wetu," alisema.

"Wasingya, aksanti, dada," alijibu Rébecca, na kwa dakika moja aliamini. Msaada wa Kahongya ulikuwa kukaa kando ya mgonjwa na kuweka kumbukumbu ya wale ambao hawajafika. Aliwapokea pia wageni, kwa sauti ya kufika mpaka barabarani: "Mukaribie! Mukaribie! Muke wetu, chai!"

Soko Rébecca alimwachia Kasika, jirani yake wa meza, mwanamke mwaminifu ila hana sauti, na viazi vya Butembo huuzwa kwa sauti. Poireaux ziligeuka njano. Rébecca alianza kuamka saa tisa badala ya saa kumi. Kichwa kilimuuma nyuma, pale shingo inapoanzia, na alipoinama kupuliza makaa aliona vijinyota vikiruka mbele ya macho. Alimeza kidonge na kuendelea, kwa sababu katika nyumba ile mgonjwa alikuwa mmoja na nafasi ilikuwa imeshajaa.

Siku ya nane Mariette alipita na mashine yake. Alilazimika kuvuka miguu ya kwaya ili amfikie mgonjwa. Kumi na tisa kwa kumi na moja.

"Papa Kitsa, unapumzikaka wapi?" aliuliza. "Ku gare ya mabasi?"

Namba ilikuwa imepanda. Zilibaki siku sita. Rébecca alichukua kipande cha katoni, akaandika kwa makaa: *Mugonjwa analala. Kumuona ni saa kumi mpaka saa kumi na moja*. Akakifunga kwenye geti. Kahongya alikisoma mara mbili, midomo ikicheza, kisha akawaambia wageni kwamba muke wetu anataka kumzika ndugu yangu peke yake. Wageni nao hawakuwa watu wa kuvunja sheria. Wale waliokuwa wanakuja kwa zamu tangu asubuhi walikuja wote saa kumi, nusu yao wakiwa wamesimama, na hakuna aliyeondoka saa kumi na moja.

Rébecca alijifungia chooni, mahali pekee palipokuwa na ukimya, akampigia Hadji Bilali.

"Hadji, kama unataka shofere wako, kuya umutwale. Hapa tutamuua na chai."

Hadji akasema, "Nilikuwa minaona ile picha mu WhatsApp, nikasema ameshakufa. Umutume kesho. Bibi yangu Halima atamupatia chumba ya nyuma."

Ndivyo Kitsa alivyopelekwa Beni, katika nyumba ya Hadji mtaa wa Beu, ambako hakuna aliyemjua, hivyo hakuna aliyemwonea huruma. Alipewa uji, alipewa kitanda, na Halima mke wa Hadji alimfungia mlango kwa nje. Alilala kama gogo. Rébecca alirudi kutoka kumsindikiza akiwa amekwisha kupanga siku yake: soko mpaka saa sita, nguo, kisha labda, labda tu, kulala kidogo mchana.

Alimkuta Nzanzu na watu wanane sebuleni.

"Tumekuya kuona mugonjwa."

"Hayuko, Papa Nzanzu. Ameenda Beni."

"Aa." Nzanzu alifikiri, akavitazama viti, akaitazama barabara na jua lake. "Mais tumeshafika. Na sala, hata mutu iko mbali, inamufikiaka."

Wakaketi. Waliielekeza sala kwenye kile kiti kikubwa kitupu, kwa heshima ileile, na kwa kuwa kukiacha kitupu kulikuwa kunatia huzuni, Kahongya alikwenda akakaa juu yake. Kuanzia hapo alipokea pole zote yeye. Aliwekewa kigoda cha miguu. Siku ya kumi na mbili aliuliza kama maracuja zimekwisha.

Kitsa alipiga simu siku hiyohiyo, sauti laini, ya mtu aliyeshiba.

"Huku ni kimya, Mama Abigaïl. Minakula, minalala. Hata ndoto minamaliza. Na wewe, unafanya nini?"

"Ninakupumzisha," alisema Rébecca, akakata simu, maana maji yalikuwa yanachemka.

Siku ya kumi na nne Hadji Bilali alimleta Kitsa mwenyewe, kwa gari dogo, mpaka kwenye kituo cha afya. Rébecca aliwakuta huko, ametoka sokoni mbio, kikapu mkononi. Moyo ulikuwa unampiga mpaka masikioni. Mariette alimfunga Kitsa kitambaa cha mashine mkononi, akakijaza upepo, akasikiliza, akakijaza tena ili awe na hakika.

"Kumi na tatu kwa nane."

Rébecca alimshukuru Mungu kwa sauti. Hadji akaitoa ile karatasi mikononi mwa Mariette kabla wino haujakauka, akaisoma, akauweka ufunguo wa Fuso kwenye kiganja cha Kitsa. "Kesho asubui, kakao ya Oicha," alisema. Kitsa aliufunga ufunguo kwenye ngumi. Alikuwa amenenepa mashavu. Akawageukia wote kama mtu aliyeombwa kutoa semina.

"Ni discipline tu," alisema. "Mutu ajue kupanga saa zake. Batu mingi ya hapa banakufa juu hawajue kupumzika. Mimi nilifanya programme, nikafwata programme."

Rébecca alitaka kucheka. Kicheko kilifika nusu ya njia, na ukuta wa chumba ukasogea. Aliushika kwa mkono ili usiendelee.

"Mama Abigaïl, ikala hapa," alisema Mariette.

"Sina wakati, dada. Nimeacha maharagi ku moto."

"Ikala."

Aliketi, kikapu bado kwenye magoti. Mariette alipima mkono wa kushoto, akapima wa kulia. Ishirini kwa kumi na mbili.

"Kichwa kinakuuma toka siku gani?"

"Kichwa ya nani?" aliuliza Rébecca, na hakuwa anatania.

Kitsa alikuwa bado na kidole hewani, kile cha semina. Mariette alivuta daftari, akaanza kuandika siku kumi na nne za kupumzika, na Rébecca aliyaona maneno yakitoka kwenye kalamu moja baada ya jingine: *repos à domicile*. Nyumbani. Aliogopa kufa, hilo halikuwa siri. Lakini kwa kweli aliogopa zaidi kurudi kwenye ile sebule.

"Dada Mariette, hapana andika ya nyumba," alisema. "Ku nyumba siwezi. Ndiyo kwenye kazi iko. Unilalishe hapa."

Mariette akafuta. Akaandika siku tatu, kitanda karibu na dirisha, na baada ya hapo tutaona. Kitsa alikuwa ameshatoa simu awajulishe watu wa groupe. Rébecca alimkamata kifundo cha mkono, kwa nguvu ambazo hakuna aliyejua zimetoka wapi.

"Ukiandika mule, nitakufa kweli."

Simu ikarudi mfukoni.

"Garde-malade wake ni nani?" aliuliza Mariette, kalamu tayari. Katika kituo kile, kama katika vyote, kitanda ni cha kituo na dawa ni za muuguzi, lakini maji ya kuoga, nguo na chakula ni vya mlinzi wa mgonjwa, anayepika kule nyuma kwenye mafiga na wenzake.

"Dada yangu Kahongya," alijibu Kitsa haraka.

"Amerudi Masereka asubui," alisema Rébecca. "Alisema mugonjwa amepona."

"Basi Kasika."

"Kasika iko na meza mbili. Yake na yangu."

Kitsa alitazama mlangoni. Kwa siku nane mlango wa nyumba yake haukufungika kwa watu, na sasa uani palikuwa na mbuzi mmoja na Hadji Bilali, aliyekuwa anaitazama saa yake kwa adabu. Ufunguo ulikuwa bado ndani ya ngumi. Alitazama ufunguo, akamtazama mkewe, ambaye alikuwa amekaa wima kama mtu anayengoja lori, na labda ni mara ya kwanza alimwona alivyokonda. Akatoka nje. Rébecca alimsikia akisema, "Hadji, unisamehe, siku tatu." Na Hadji akajibu, "Kakao hairuki. Pika."

"Andika mimi," alisema Kitsa aliporudi.

Jua lilikuwa linaelekea kushuka alipotokea mlangoni mwa chumba cha wagonjwa, sufuria mkono mmoja, unga mkono wa pili, masizi kwenye paji la uso. Nyuma yake, kutoka kwenye mafiga, wanawake walikuwa wanacheka kitu ambacho bila shaka kilikuwa yeye. Alikisogelea kitanda, akainama, akanong'ona ili wagonjwa wengine wasisikie.

"Mama Abigaïl, unisamehe. Fufu... ni maji inatangulia, ao ni bunga?"

Miaka ishirini na miwili alikuwa anaila, mchana na jioni. Rébecca alikasirika kwanza, akamwonea aibu, kisha ile huruma ya siku zote ikampanda kifuani, na miguu yake ilikuwa imeshateremka kitandani kutafuta kandambili. Ni dakika kumi tu. Angesonga, angerudi. Kutoka kitanda cha mwisho Mariette aliinua macho.

Rébecca aliirudisha miguu juu, mmoja baada ya mwingine, akajifunika.

"Maji," alisema.

Kitsa alingoja aelezwe yanayofuata. Alingoja vizuri, sufuria mkononi, mpaka akamsikia mkewe anakoroma.